Meli Kuukuu Mwambani na Hatari ya Marekani na China Kukabiliana

Mwaka 1999 Ufilipino iliikwamisha kwa makusudi meli yake, BRP Sierra Madre, juu ya mwamba wa Second Thomas katika Bahari ya China Kusini. Meli hiyo iliundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Leo imeliwa na kutu, lakini bado wanaishi humo askari wachache wanaolinda bendera ya nchi yao. China nayo inasema mwamba ni wake, na walinzi wake wa pwani wamekuwa wakizizuia boti zinazowapelekea askari hao chakula na vifaa.

Mwamba unaofunikwa maji yakijaa una thamani gani? Wengi huuliza hivyo, ila uzito wote uko kwenye mkataba. Marekani na Ufilipino ziliahidi kulindana mwaka 1951, na Washington husisitiza kwamba ahadi hiyo inahusu shambulio la silaha dhidi ya meli, ndege au majeshi ya Ufilipino popote katika bahari hiyo.

Sasa tazama tarehe 17 Juni 2024. Walinzi wa pwani wa China wenye visu na mashoka walizivamia boti za Ufilipino karibu na meli ile, na baharia mmoja akakatika kidole gumba. Wiki chache kabla, Rais Ferdinand Marcos Jr. alikuwa ametamka kwamba Mfilipino akiuawa kwa makusudi, hilo litakaribia sana kuwa kitendo cha vita. Je, ingekuwaje kama baharia yule angekufa? Marekani ikinyamaza, Japani na Korea Kusini zingeanza kuzitilia shaka ahadi zake. Ikijibu kwa nguvu, viongozi wa Beijing wangeona vigumu kurudi nyuma mbele ya wananchi wao.

Sheria ipo. Mwaka 2016 jopo la usuluhishi liliamua kuwa mwamba huo uko ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino, yaani eneo la bahari ambalo nchi hiyo ina haki ya kutumia rasilimali zake. China iliukataa uamuzi huo, na Marekani yenyewe haijaridhia mkataba wa sheria ya bahari uliotumika.

Kwa maoni yangu, kinachookoa maisha kwa sasa ni mazungumzo ya mambo madogo. Julai 2024 Manila na Beijing zilikubaliana utaratibu wa muda wa kupeleka mahitaji, kila upande ukibaki na madai yake. Safari ya kwanza baada ya hapo ilifika bila vurugu.