Kutoka Kigoma kununua nyumba ya watalii Unguja: hesabu za kupiga kabla ya kulipa amana

Matangazo ya apatimenti za Fumba, Paje na Nungwi siku hizi yanafika mpaka kwenye simu za wafanyabiashara wa dagaa na mawese wa Kibirizi na Ujiji. Ahadi ni ileile: nunua, pangisha kwa mtalii kwa usiku, hela itaingia yenyewe. Biashara ipo kweli. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Kinachowaumiza wanunuzi wengi ni hesabu iliyopigwa kwa bei ya Agosti halafu ikazidishwa kwa miezi 12.

Wageni hujaa Julai mpaka Oktoba, kisha tena kuanzia Krismasi hadi Februari. Aprili na Mei ni masika: mvua kubwa, bei zinashuka, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Tuchukue mfano wa apatimenti ya chumba kimoja inayouzwa shilingi milioni 180 (namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako). Muuzaji anakuonyesha usiku 300 kwa shilingi 180,000, jumla milioni 54, yaani asilimia 30 ya fedha yako kwa mwaka. Sasa piga upya kwa usiku 170 na bei ya wastani ya 150,000, maana masika utalazimika kushusha. Unapata milioni 25.5. Tovuti ya kuuzia nafasi ikichukua asilimia 15, ni 3,825,000. Msimamizi anayekata asilimia 20 ya jumla hiyohiyo anachukua 5,100,000. Zinabaki 16,575,000.

Bado hujalipa umeme, maji na intaneti. Ukikadiria 250,000 kwa mwezi, ni milioni 3, na kiyoyozi ndicho mlaji mkubwa. Ada ya jengo ya 150,000 kwa mwezi ni milioni 1.8, nayo hulipwa hata chumba kikiwa kitupu. Usafi na dobi kwa makundi 60 ya wageni, 30,000 kila kundi, ni milioni 1.8 nyingine. Tenga milioni 2 za matengenezo. Mkononi zimebaki 7,975,000 kabla ya kodi, sawa na asilimia 4.4 hivi. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimelipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kwa miaka mingi, na hazina bomba la kuvuja. Nyumba inaweza kupanda thamani, hilo si la kubishia, lakini anayenunua kwa mkopo wa riba ya karibu asilimia 15 ajue kwamba rejesho la kila mwezi litatoka kwenye duka lake la Mwanga, Kigoma, halitatoka Paje.

Kwenye kodi, gawa mambo mawili. Kodi ya mapato ni suala la Muungano. Kodi na tozo za malazi za Zanzibar zinasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), na nyumba ya kulaza watalii inahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii. Mtu asikudanganye kwamba ukiuza kwa mtandao tu hayo hayakuhusu.

Kuhusu ardhi, usichukue uzoefu wa hati za bara ukaupeleka visiwani. Ardhi si suala la Muungano. Huku bara tunatumia sheria za mwaka 1999. Zanzibar ardhi ni mali ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, kwa Sheria ya mwaka 1992. Mtanzania ambaye si Mzanzibari kwa mujibu wa sheria ya huko asidhani uraia peke yake unamfungulia mlango wa kupata kiwanja. Njia zake za kawaida ni ukodishaji wa ardhi kwa uwekezaji kupitia ZIPA (mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar), au kununua sehemu ya jengo lililosajiliwa chini ya Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010, ambapo unapata hati ya apatimenti yako pamoja na hisa katika maeneo ya pamoja. Saini ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huko visiwani, ni ushahidi kwamba anawafahamu wahusika. Si hati. Jihadhari zaidi na dalali anayekupeleka kwenye "eka tatu", ardhi iliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi: mgawiwa alipewa kuitumia, na mauziano yake ya mkononi yamezaa kesi. Tafuta wakili anayefanya kazi Zanzibar, akague daftari la msajili wa ardhi kabla hujatoa hata senti.

Mtu wa Kigoma anaujua ufukwe, ila wa maji baridi. Upepo wa Ziwa Tanganyika haubebi chumvi. Wa bahari unabeba, na chumvi ndiyo inayokula faida. Huingia kwenye zege mpaka ifike kwenye nondo. Nondo ikipata kutu hutanuka, zege linapasuka, kisha linameguka vipande. Ukienda kukagua, usianze na jiko zuri. Inama utazame chini ya slabu ya baraza: mstari wa kahawia ulionyooka ni nondo inayooza ndani. Jengo linaloelekea bahari linahitaji zege lisilopungua sentimita 5 juu ya nondo, na mchanga wa kujengea usiwe wa ufukweni. Fungua mlango uangalie bawaba, zungushia macho misumari ya bati, kisha nenda nyuma kwenye kiyoyozi cha nje. Mapezi yake ya aluminiamu yakisagika kama unga ukiyagusa, jua hakijaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi kwa muda mrefu, na kompresa inafuata. Kwa nyumba kongwe za Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe zinataka lipu ya chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani, na rangi inabambuka kila mwaka.

Jambo lingine ambalo ziwa halikufundishi ni kupwa na kujaa. Paje na Jambiani, maji yakipwa bahari hurudi nyuma mamia ya mita, na mgeni aliyelipia "mbele ya bahari" anakuta matope na mwani. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Nungwi na Kendwa mtu anaweza kuogelea karibu saa zote, ndiyo maana bei zake ni tofauti. Nenda ukaone nyumba siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, saa maji yamekauka. Picha ya tangazo ilipigwa yakiwa yamejaa.

Reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,250 hivi, kisha boti. Huwezi kwenda kurekebisha koki, kwa hiyo mkataba wa msimamizi ndio nyumba yenyewe. Uandikwe kwamba unaiona kalenda ya nafasi moja kwa moja kwenye simu yako, kwamba fedha za wageni zinaingia akaunti yako kwanza, kwamba asilimia yake inakatwa baada ya makato ya tovuti, na kiwango cha juu cha matengenezo anachoweza kufanya bila ruhusa yako. Hilo la akaunti wasimamizi wengi watalipinga. Usilegeze.

Ukinunua jengo ambalo bado linajengwa, lipa kwa hatua iliyothibitishwa na mhandisi wako, si kwa tarehe. Asilimia 10 ya mwisho ibaki mikononi mwako mpaka kiyoyozi kimewashwa, maji yamefika ghorofani kwa presha ya kutosha, na hati ya kondominio imetoka kwa jina lako.