Volti 40 tu? Umeme mkali kwenye insuleta ya Mott

Msimu wa mvua hapa Kampala radi zikianza, watu wanatuuliza sisi wa fizikia mbona hewa ambayo siku zote haipitishi umeme ghafla inaupitisha. Hewa kavu inavumilia mpaka kama volti milioni 3 kwa mita, hapo inashindwa. Plastiki nayo ina kikomo chake, ukikipita inatoboka na kuungua, hiyo ni ya kutupa. Ila kuna insuleta (vitu visivyopitisha umeme) za aina nyingine kabisa, zinaitwa insuleta za Mott, hizo ndo za leo.

Mwaka 1937 wanasayansi de Boer na Verwey walionyesha kwamba oksaidi ya nikeli, kwa hesabu za wakati ule, ilitakiwa ipitishe umeme kama metali, lakini wapi! Aliyekuja kuieleza vizuri ni Nevill Mott, Mwingereza, mmoja wa waliopata Nobel ya fizikia 1977. Chukua taksi pale Old Taxi Park, siti 14 abiria 14, na hakuna anayekubali kupakata mwenzake (najua konda angewabana tu, lakini tuseme hayupo). Mtu akitaka kuhama siti lazima amkalie mwingine, basi wote wametulia. Elektroni nazo zinasukumana, mbili kukaa kwenye atomu moja inagharimu nishati nyingi, kwa hiyo kila moja inabaki kwake. Hesabu za zamani zilikuwa zinaiangalia kila elektroni kama iko peke yake, ndo maana zikakosea.

Sasa weka voltiji. Nadharia inasema uga wa umeme (yaani volti kwa kila sentimita) ukiwa mkali vya kutosha elektroni inapenya ukuta wa nishati bila kuupanda, mambo ya kwantamu hayo, inaruka kwa jirani, nyuma inaacha nafasi tupu na mbele kunakuwa na atomu yenye mbili, vyote viwili vinaanza kutembea na mkondo wa umeme unapita. Shida ni kwamba hesabu hiyo mara nyingi inataka volti milioni au zaidi kwa sentimita. Halafu 2013 Nakamura na wenzake huko Japani wakachukua insuleta ya Mott inayoitwa rutheneti ya kalsiamu, Ca2RuO4, kwenye joto la kawaida la chumba, wakaiwekea kama volti 40 kwa sentimita, ikageuka metali na ikabaki hivyo mkondo ukiendelea kupita. Arobaini, banange!

Ubishi ukaanzia hapo. Wapo wanaosema ni joto tu, yaani mkondo mdogo unapasha kitu, kinapitisha zaidi, kinapata moto zaidi, na kweli Ca2RuO4 ukiipasha mpaka nyuzi 84 hivi inageuka yenyewe, na insuleta nyingine, dioksaidi ya vanadiamu, inageuka kwenye 68. Wengine wanasema elektroni chache zilizo huru zinapata kasi, zinagonga nyingine na kuzing'oa, nazo zinagonga nyingine tena. Mimi naona jibu linategemea ni kitu gani umeshika mkononi, na ukisoma joto la juu ya sampuli utadanganyika kirahisi maana mkondo mara nyingi unapita kwenye uzi mwembamba ndani ambao ndio wenye moto. Kwa hiyo watu wanatumia mapigo mafupi sana ya umeme, joto lisipate muda wa kupanda, wanaangalia kama bado inageuka.

Kinachowavutia mainjinia ni kwamba nyingi ya hizi, ukizima voltiji, zinarudi kuwa insuleta bila kuharibika, zinawashwa na kuzimwa tena na tena, na ndo maana maabara zinazijaribu kwenye memori za kompyuta na kwenye chipu zinazoiga neva za ubongo.