Nini maana ya kuunganisha seva za mashine pepe na programu ya kusimamia hifadhi?

Ni kuiruhusu programu ya hifadhi iulize seva: una mashine pepe zipi (kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya seva), na kila moja inakaa kwenye diski ipi? Wengi hudhani data za mashine zitapita humo. Hazipiti. Data ina njia yake, yaani itifaki za kufikia hifadhi: Fibre Channel, iSCSI kwenye poti 3260, au NFS kwenye poti 2049. Muungano huu ukikatika, mashine pepe zinaendelea kusoma na kuandika kama kawaida; kinachopotea ni taarifa.

Na taarifa hiyo ina thamani kubwa. Bila hiyo, msimamizi wa hifadhi anaiona LUN, yaani kipande cha hifadhi kilichogawiwa seva, kwa jina na ukubwa tu. Hajui kama ndani yake mna hifadhidata ya mishahara au mashine ya majaribio iliyosahaulika. Mwenzake wa seva naye anaona mashine zinakwama, haoni kuwa diski za chini zimeelemewa. Kinachowakutanisha ni namba ya utambulisho ya LUN. Kwenye ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, huanza na "naa." kisha tarakimu 16 au 32 za heksadesimali, kwenye mtambo wa hifadhi tarakimu hizohizo mara nyingi huitwa WWN. Programu huzilinganisha, ikajua mashine fulani imelala juu ya LUN ipi. Ukiwa na shaka, zilinganishe mwenyewe kwa macho.

Kama seva zako ziko chini ya vCenter, programu ya VMware ya kusimamia seva nyingi za ESXi kwa pamoja, sajili vCenter yenyewe kupitia poti 443, si seva moja moja. Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa kazi hiyohiyo ya mashine pepe, mara nyingi hufikiwa kwa WinRM, huduma ya Windows ya kusimamia kwa mbali, poti 5985 ya HTTP au 5986 ya HTTPS. Fungua akaunti ya kazi hii peke yake. Kwa kuangalia tu, ruhusa ya kusoma inatosha. Kuunda LUN au kupiga snapshoti, yaani picha ya hali ya data kwa wakati huo, kunahitaji zaidi.

Hapa kwenye ruhusa ndipo watu hupoteza siku nzima. Ruhusa imewekwa kileleni mwa mti wa vCenter, lakini kisanduku cha kuirithisha ngazi za chini hakikuwekwa alama. Programu inaandika "imeunganishwa", orodha ya mashine ni tupu, na hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Angalia hapo kabla ya kugusa fayawoli.

Muungano uliokuwa mzima ukifa ghafla, anza na nenosiri: akaunti za ndani za vCenter, usipobadili mpangilio, nenosiri lake huisha muda baada ya siku 90. Halafu cheti cha usalama. Kikibadilishwa, programu itakikataa mpaka ukikubali upya.

Hesabu za nafasi nazo hugongana. Chukua LUN ya TB 2 inayotengewa nafasi kadiri inavyojaa: mashine zimeandika TB 1.5, kisha ukafuta mashine zenye TB 1. Seva inaonyesha TB 0.5, mtambo bado unahesabu TB 1.5, kwa sababu haujaambiwa kuwa nafasi ile imeachwa. VMFS 6, toleo la mfumo wa faili ambao ESXi hutumia kwenye LUN, huuarifu yenyewe, taratibu, kwa hiyo subiri kabla ya kuilaumu programu. VMFS 5 haifanyi hivyo. Lazima utoe amri ya esxcli storage vmfs unmap kwa mkono.