Nyuzi za kaboni ndani ya alumini: yanayosemwa na ukweli wake

"Yeyusha alumini, tumbukiza nyuzi za kaboni, koroga, kazi imekwisha." Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayoharibu mali nyingi. Alumini huyeyuka kwenye selsiasi 660, lakini ikishayeyuka hailowanishi kaboni: hujikusanya matone juu yake kama maji juu ya jani la gimbi. Nyuzi, kwa kuwa ni nyepesi kuliko metali hiyo, huelea na kushikana mafungu, na katikati yake hubaki matundu. Ndiyo maana wajuzi huzipaka kwanza nikeli au shaba, au huzipanga kwenye kalibu kisha wakaisukuma alumini ndani kwa mgandamizo mkubwa.

Wengine husema, basi ongeza moto. Kweli, moto ukizidi alumini huanza kulowanisha, ila hapo tayari inaila kaboni yenyewe. Huzaliwa kabidi ya alumini, kitu kinachovunjika upesi, tena kikikutana na unyevu hutoa gesi ya methani na kuacha unga wa hidroksidi. Kipande kinaweza kutoka kiwandani kikiwa kizuri machoni, kumbe kinaoza kutokea ndani. Uzi mmoja una unene wa mikromita 7 hivi. Hauna unene wa kupoteza. Kwangu mimi ugumu wote wa kazi hii uko hapa, kwenye mpaka wa uzi na metali, na anayepima nguvu za uzi peke yake hajapima kitu.

Kuhusu kutu: kila kimoja peke yake ni kivumilivu, lakini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, kaboni inabaki salama. Kipande cha baharini lazima kizibwe vizuri.

Wala si mambo ya maabara tu. Honda ilitia nyuzi fupi za kaboni na za alumina (oksidi ya alumini) kwenye kuta za silinda za injini ya gari lake la Prelude. Darubini ya Hubble, iliyorushwa 1990, ina mihimili yenye urefu wa mita 3.6 ya kushikilia antena, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko huu. Alumini hutanuka kwa joto, nyuzi hizo hunywea kidogo kwa urefu wake, hivyo mhimili haubadiliki sana ukipita juani na kivulini, na kwa kuwa metali yake hupitisha umeme, mhimili wenyewe huongoza mawimbi ya redio ndani yake kama bomba. Mihimili hiyo haikusubiwa: mabamba yalibanwa kwa joto na mgandamizo, alumini ikaungana bila kuyeyuka.