Je, wajua kwa nini mwili hushtukia hatari iliyokwisha zamani?

Asubuhi ya 7 Agosti 1998, waliokuwa karibu na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi walisikia mshindo. Wengi walikwenda madirishani kuchungulia. Mara bomu lenyewe likalipuka, vioo vikawaruka usoni. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na miongoni mwa maelfu waliojeruhiwa wapo waliopofuka.

Sasa mfikirie manusura wa siku ile akisikia tairi la lori likipasuka. Anajua fika ni tairi. Hata hivyo moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, pengine anajikuta chini ya meza.

Ubongoni kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari, na haisubiri ushahidi: adrenalini, homoni ya kuukurupusha mwili, inamwagika kabla akili haijauliza sauti imetoka wapi. Jirani yake, hipokampasi, ndiyo huipa kumbukumbu mahali na wakati. Hofu ikizidi mno, hiyo ya pili hulemewa, na tukio huhifadhiwa vipande vipande, kama picha zisizo na tarehe. Kipande kimoja kikiamshwa huja kama jambo la sasa hivi. Mwenye wasiwasi huogopa litakalokuja. Mwenye kiwewe, lililopita halijampita. Dalili zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia mtu usingizi, kazi au ndoa, huo ni ugonjwa, si woga.

Wapo pia wasioruka wala kutetemeka. Wanaganda. Macho wazi, lakini ukimwita haitiki. Baadaye anakuambia alikuwa akijitazama kutoka mbali, au kila kitu kilionekana kama ndoto. Pale ambapo mtu hakuweza kukimbia wala kupigana, hasa aliyeumizwa mara kwa mara utotoni, ubongo hujifunza kujitoa kwenye maumivu, kisha huendelea kufanya hivyo hata pasipo hatari. Kwa maoni yangu hawa ndio wanaoonewa zaidi wodini. Nesi mmoja atasema anajifanya, mwingine atasema ana kiburi, na ndugu zake watasema amepandwa na jini.

Muuguzi anayejua kazi yake halumbani na ndugu kuhusu jini. Anapima sukari na malaria, anauliza habari za kifafa, kwa sababu navyo humfanya mtu apotee hivyohivyo. Visipoonekana hivyo, anasimama mbele ya mgonjwa (kumshika ghafla kwa nyuma ni kumrudisha kulekule) na kusema taratibu: “Uko hospitali. Leo ni Jumanne. Mimi ni nesi wa zamu. Kanyaga sakafu, uisikie. Nitajie vitu vitano unavyoviona.” Ni kama mchezo wa watoto, lakini kila jibu linamrejeshea mahali na wakati, vilevile ambavyo kumbukumbu yake imevikosa.

Hamlazimishi kusimulia yaliyompata. Hilo lina wakati wake, polepole, na mtaalamu aliyefunzwa tiba ya kiwewe. Wala hakimbilii diazepamu, dawa ya kutuliza: mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za kundi hilo zisitumiwe kutuliza dalili hizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Anachofanya kabla ya kukabidhi zamu ni kuandika kwenye faili kilichomshtua, ili wa usiku wasibamize mlango.