Dogo "ana afya ya akili" maana yake nini?

Kwenye viwanja vya Mwanza, kuanzia Nyamagana hadi vile vya vumbi kule Igombe, mchezaji akinuna, akakosa mazoezi siku tatu na akigombezwa kidogo akatokwa na machozi, pembeni utasikia: "Huyu dogo ana afya ya akili." Msemaji anamaanisha kijana ni mgonjwa. Maneno yake yanasema ni mzima.

Afya ya akili ni hali ya mtu kuweza kuhimili misukosuko ya kawaida ya maisha, kujifunza, kufanya kazi na kuishi vizuri na wenzake. Kila mtu anayo, na hupanda na kushuka. Shirika la Afya Duniani linaieleza karibu hivyohivyo.

Kosa lenyewe lina mantiki yake. Kiswahili kina desturi ya kuuita ugonjwa kwa jina la kiungo au kitu kilichoharibika: ana presha, ana sukari, ana figo, ana kifua. Kila mtu ana figo, lakini msikilizaji anaelewa. Anayesema "ana afya ya akili" amefuata njia hiyo hiyo, ila imemfikisha kusiko. Figo inaweza kuwa nzima au mbovu. Afya ndiyo uzima wenyewe. Neno limetoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya uzima na usalama, ndiyo maana mtu akipiga chafya tunamwambia "afya!" Hatumwombei maradhi.

Neno "akili" nalo linachangia. Kwa Kiarabu shina lake linahusiana na kufunga, kama ile kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke: akili humzuia mtu asipotee. Kwetu likaegemea werevu. Mtoto mwenye akili hufaulu darasani. Mchezaji mwenye akili huona pasi kabla ya wenzake. Basi kocha akisikia "afya ya akili" anawaza ama alama za shule ama wazimu. Hofu, usingizi, huzuni ya kukalishwa benchi, vyote anaviacha nje, na humo ndimo kwenye kazi kubwa.

Kocha huyo huyo ana msamiati unaomfaa kabisa: utimamu wa mwili. Hakuna anayesema mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu "ana utimamu wa mwili". Wote wanajua utimamu hujengwa kidogo kidogo na hushuka ukiachwa. Afya ya akili iko vivyo hivyo.

Tunalishikilia jambo hili kwa sababu neno likishageuka jina la ugonjwa, kocha huona ni la hospitali, halimhusu. Kumbe linamhusu kila jioni. Mtoto aliyekosa penalti akiamriwa kuzunguka uwanja mara kumi, hujifunza kwamba kukimbia ni adhabu, na penalti inayofuata huiogopa zaidi. Mwambie alichokosea mguuni: "Mguu wa kuegemea ulikuwa mbali na mpira." Ukimwita mwoga hajui arekebishe nini. Majeruhi naye asiambiwe akae nyumbani mpaka apone, maana huo ndio wakati anaowahitaji wenzake kuliko wote. Kama hali yake inaruhusu, aje apange koni na kuhesabu pasi.

Halafu usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo siku hizo kijana anayesaidia nyumbani kupokea mzigo mwaloni alfajiri atafika mazoezini amechoka na hasira ziko karibu. Muulize alilala saa ngapi kabla hujamwita mvivu, na jioni hiyo mpunguzie mbio.

Mazoezi husaidia, lakini hayachukui nafasi ya matibabu. Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kula vikidumu wiki 2 mfululizo, zungumza na kijana kisha na mlezi wake, aende akaonwe na mtaalamu, hospitali ya Bugando hapa Mwanza wapo. Akigusia kufa, muulize faraghani, waziwazi, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haina malipo.

Mtaalamu akishampima na kukuta shida, hapo "ana tatizo la afya ya akili" ni kauli sahihi. Kabla ya hapo, pembeni ya uwanja, inatosha kusema "hayuko sawa siku hizi", au bora zaidi kusema ulichokiona: hacheki, hali chakula vizuri, hajaja tangu Jumatatu. Na "afya ya akili" itumike pale unapomuuliza inaendeleaje, kama unavyomuuliza afya ya mama yake.