Vifo vingi vya risasi Marekani havitokani na mashambulizi ya shuleni

Kila mjadala wa sheria za silaha unapopamba moto Marekani, hurudi katika makundi ya WhatsApp ujumbe usemao kwamba makumi ya maelfu ya watu hufa huko kila mwaka kwa sababu ya watu wanaovamia shule na maduka na kumimina risasi ovyo. Idadi ya vifo ni ya kweli, lakini sababu inayotajwa si sahihi.

Mwaka 2021 risasi ziliua watu 48,830 nchini humo. Kati yao 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua, na 20,958 waliuawa na wenzao, wengi kwa bastola za kawaida. Mashambulizi ya halaiki, pamoja na uchungu wake wote, ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa kuwa shambulio la shuleni hutangazwa duniani kote kwa siku kadhaa, ilhali mzee aliyejiua chumbani kwake hubaki katika cheti cha kifo tu. Vyeti hivyo ndivyo serikali ya shirikisho inavyovijumlisha na kuweka takwimu zake wazi kwenye intaneti bila malipo. Anayetaka kuhakiki achague mwaka, kisha atazame waliojiua na waliouawa, kila kundi peke yake.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hasa kwa wazazi wenye watoto wanaosoma huko, na aliyeutuma umrekebishe kwa upole, ukimwonyesha takwimu zenyewe.